Kaka Suruj na Vitambaa Vyangu vya Jikoni

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, kengele ya karakana yetu ya Daraja la Pili hapa Labasa itagongwa kama siku zote, na ndugu yetu Suruj Bali atatundika ovaroli yake kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni kwa mara ya mwisho. Ametumika hapa miaka thelathini na saba na miezi tisa. Msumari huo aliupigilia mwenyewe mwaka 1988, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kutundika kitu pale, hata mwavuli.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Unaisi Ravula wa jikoni, niandike karatasi hii. Niliwaambia shule yangu iliishia darasa la sita, mtafuteni mwenye vyeti. Wakasema wenye vyeti wanajua magari aliyotengeneza, wewe unamjua mtu mwenyewe, umemmiminia chai miaka ishirini na miwili. Basi nimekubali. Karani amenisaidia herufi, lakini maneno ni yangu, na yakizidi msinune.

Kaka Suruj alizaliwa kwenye mashamba ya miwa ya Wainikoro, mtoto wa tano wa mkata miwa. Alipokuja hapa kuomba kazi alivaa viatu vya baba yake, vikubwa, amejaza magazeti kwa mbele. Fundi mkuu wa wakati ule, marehemu Mzee Aporosa, alimkabidhi ndoo ya mafuta ya taa na brashi, akamwambia aoshe vipuri. Akaosha miezi sita. Wenzake walioanza naye walikuwa wameshaanza kufungua injini, yeye anaosha tu. Mwenyewe huwa anasema ndiyo shule yake hiyo, maana kipuri ukikiosha mara mia unakijua kilipochoka bila kuambiwa.

Siku ya kwanza aliporuhusiwa kufunga nati, aliikaza kwa nguvu zote za ujana mpaka ikakatika. Mzee Aporosa hakumgombeza. Alimwekea mkono begani, akamwambia neno moja la kwetu: vakamalua, yaani taratibu, kwa upole. Neno hilo Kaka Suruj akalibeba mpaka leo. Ukimpa chai ya moto, vakamalua. Dereva akirudi nyuma kuingiza gari, vakamalua. Hata siku ya harusi ya binti yake, wapiga ngoma walipochangamka kupita kiasi, tulimwona anawanyooshea kiganja hivi, tukacheka, tukajua analosema.

Alikuwa fundi wa malori ya miwa kwa miaka kumi na miwili, halafu akahamia kwenye giaboksi, na huko ndiko alikojenga jina. Watu wameleta magari kutoka Savusavu kwa kuvutwa na kamba, wamepita gereji nne njiani, kwa sababu wanamtaka yeye. Yeye hakai na gari anaongea. Anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakipeleka puani, anafumba macho. Sisi wa jikoni tunamwelewa, maana na sisi ndivyo tunavyofanya na sufuria.

Mwaka wa mafuriko makubwa, mto ulipopanda mpaka kwenye geti, Kaka Suruj aliyatoa magari saba ya wateja, moja baada ya jingine, akayapandisha uwanja wa shule. La saba lilipofika juu, akashika kiuno akasema, "Tumemaliza." Kisha akapiga kelele. Baiskeli yake alikuwa ameiegemeza nyuma ya choo. Tuliikuta baada ya siku nne kwenye mikoko, imekaa wima kama mtu anayesubiri basi. Ndiyo hiyo hiyo anayoipanda mpaka leo.

Sasa niseme la vitambaa, maana nimelivumilia muda mrefu. Mimi nina vitambaa vyeupe vya kufutia vikombe. Nafua, napiga pasi, nakunja, naweka kwenye droo. Kaka Suruj anaingia jikoni kama paka, anachukua kimoja, anakwenda kukidondoshea oili. Nimempa vitambaa vya bluu, nimempa vya maua, havitaki. Anasema cha rangi hakisemi kweli. Anaangalia tone linavyotandaa kwenye kitambaa cheupe: likiwa jekundu na linaenea, oili ni nzima, likiwa la kahawia, imechoka, likiwa jeusi na limekaa pale pale kama tone la matope, hapo anatikisa kichwa.

"Kaka Suruj, huo wizi," nilimwambia siku moja.

"Dada Una, mimi siibi, naazima."

"Kitu cha kuazima kinarudi."

"Hiki hapa, kimerudi!" Akaninyooshea kitambaa kina doa kubwa katikati kama jicho la ng'ombe.

Haya, yote hayo ni ya kuchekesha. Lakini kuna moja la mwezi huu ambalo nikiliacha nitakuwa nimeandika karatasi ya uongo. Ni habari ya pikapu ya kituo cha afya cha Vatudamu.

Wengi mnajua binti yangu Sainimere ni muuguzi huko Vatudamu, milimani. Mnajua kwa sababu nawachosha kila siku: amekula, hajala, barabara imekauka, haijakauka. Kituo kile kina gari moja tu, pikapu nyeupe ya gia za otomatiki. Ikifa hiyo, mgonjwa anashuka kwa farasi au kwa machela, na gari jingine halitakuja mpaka mwaka ujao, na mvua ndizo hizi zinaanza. Kwa hiyo gari lile si bati na matairi kwangu. Nikisikia limekohoa, mimi silali.

Tarehe tatu ya mwezi huu, dereva wake Tomasi Vuki alilileta. Limetembea kilomita laki nne na elfu themanini na sita, na oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa, tangu lilipozaliwa. Ukiweka gia linafikiri kwanza. Kwenye mlima injini inalia, gari linajivuta. Kaka Suruj akachukua kitambaa changu, akadondosha tone. Likawa kama chai ya rangi iliyolala siku tatu.

Msimamizi wetu Bwana Filimone, ambaye alitujia kutoka Suva mwaka jana na ile mashine yake ya kusukumia oili, akasema jibu ni rahisi. Funga mipira ya mashine, sukuma oili yote ya zamani itoke kwa nguvu, ijae mpya, saa mbili kazi imekwisha. Lisipopona liandikwe limekufa, watu wa kituo waambiwe wajue moja. Bwana Filimone si mtu mbaya, na mashine yake nimeona imefanya kazi nzuri kwenye magari mapya. Lakini Kaka Suruj akasimama mbele ya ile pikapu, mikono mfukoni.

"Hili si gari la mashine, bwana mkubwa."

"Kwa nini?"

"Limezeeka na uchafu wake. Zile sahani za ndani zimelika, unga wake umo kwenye oili, na huo unga ndio unaozisaidia kushikana. Ukiuosha wote kwa siku moja, zitateleza. Na taka utakazozing'oa kwa nguvu zitakwenda kuziba vile vijia vyembamba. Utalipeleka na giaboksi mbovu, litarudi halina giaboksi."

"Wewe ungefanyaje?"

"Nafungua sampu tu. Itatoka oili kama theluthi moja. Nasafisha, nabadilisha chujio, natia mpya kiasi kile kile kilichotoka. Wakaliendeshe wiki moja. Lirudi, nitoe theluthi nyingine. Lirudi tena. Vakamalua."

"Malua!" Bwana Filimone akacheka. "Mzee, umebakiza siku ishirini na tano, unataka kuzimaliza kwa gari moja?" Akaenda ubaoni, kwenye mstari wa ile pikapu, akaandika: Suruj – malua.

Karakana nzima ikacheka, na mimi nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Malua kwetu mnaijua: ni "baadaye", neno la mtu aliyesema anakuja na haji, la paa linalovuja tangu mwaka juzi. Vakamalua ni neno jingine kabisa, ni la mama anayemweka mtoto kitandani asiamke. Yanafanana kama ndugu wa tumbo moja, mmoja mvivu na mmoja mpole. Kaka Suruj alitazama lile neno ubaoni, akachukua jeki.

Nilimfuata na kikombe cha chai. Nilikuwa na hofu, sikuficha. Nikamwambia, "Kaka, mwanangu anapanda humo. Niambie kweli, litapona?"

Alikuwa ameshafungua sampu, lile bakuli la chini ya giaboksi, amelimwaga. Ndani kuna sumaku ndogo ya kunasa vyuma. Akanionyesha: imeota ndevu za kijivu, laini.

"Unaona, ni unga mtupu. Ningekuta vipande ningekwambia mtafutie binti yako farasi. Hizi ndevu za uzee tu, dada, hata mimi ninazo. Linaweza kupona. Lakini siwezi kukuahidi."

Akafuta sumaku, akafunga chujio jipya, akarudisha sampu, akapima oili iliyotoka kwenye chombo na kutia mpya kiasi hicho hicho. Chupa mbili za akiba alizifunga kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva. Tomasi akasimama dirishani.

"Mtani, hizo chupa ni za kunywa?"

"Kunywa wewe, labda na wewe utapanda mlima bila kulalamika. Unirudishie gari Jumatatu ijayo."

Jumamosi akampigia simu kumkumbusha. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu: "Ulete Jumatatu, na ushuke vakamalua." Simu ya milimani mnaijua, maneno yanafika yamevunjika miguu.

Jumatatu ikapita, gari halikuja. Jumanne vile vile. Kaka Suruj akapiga simu mara nne, haishiki. Alikuwa anakwenda getini kila gari likipita, anarudi. Bwana Filimone alisema tu, "Mteja wako naye ni malua," na siku hiyo hatukucheka sana.

Jumatano tarehe kumi na mbili, saa tatu asubuhi, nimekaa namenya magimbi, simu yangu ikalia.

"Mama, usipige kelele."

Mtoto akianza hivyo, mama gani atanyamaza? Nilipiga.

"Mama! Nipe Mjomba Suruj. Gari halipandi. Nina mjamzito humu, mtoto ametanguliza makalio, lazima afike hospitali. Tuko hapa kanisani, chini ya kilima cha mwisho."

Sijui magimbi niliyatupa wapi. Kaka Suruj alikuwa chini ya lori, nikamvuta miguu.

"Dada Una, hiyo miguu bado ni ya karakana!"

"Ni Sainimere! Gari limekataa!"

Akatoka chini ya lori haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akachukua simu, akaiweka sauti ya nje ili mikono yake ipate kufuta oili. Mafundi wakasogea. Bwana Filimone akatoka ofisini.

"Mwanangu, injini inawaka?"

"Inawaka, mjomba. Tomasi akikanyaga mafuta inanguruma tu, gari limekaa."

"Amepima oili ya giaboksi?"

"Amepima, anasema imejaa, tena imezidi."

"Alipima injini imezimwa?"

Tukamsikia anamuuliza. "Ndiyo."

"Injini ikizimwa oili yote inarudi chini, inadanganya kuwa imejaa. Mwambie Tomasi ni mbuzi."

Kwa mbali tukasikia, "Nimesikia, mtani!"

"Nilitaka usikie! Sainimere, hapo kanisani ni tambarare? Vizuri. Injini iwake. Tomasi akanyage breki, apitishe mkono wa gia kote, kila gia ahesabu mpaka tatu, arudishe. Halafu wewe, mwenye mikono safi, chomoa kijiti, kifute kwa kitu cheupe, rudisha, chomoa tena. Una kitu cheupe?"

"Nina bandeji."

"Mama yako angefurahi kama na mimi ningetumia bandeji. Haya."

Tukasubiri. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu, baadaye nikaona ni wa Bwana Filimone.

"Mjomba, iko chini sana, imegusa ncha tu. Rangi ni ya kahawia, lakini ina wekundu."

"Kuna wekundu?" Kaka Suruj akafumba macho kama anavyofanya akinusa. "Basi bado lipo hai. Nyuma ya kiti kuna chupa mbili. Kata kichwa cha chupa ya maji, fanya faneli ya kumiminia pale pale ulipochomoa kijiti. Tia oili kiasi cha kikombe kimoja cha chai, kisha pima. Usimwage yote."

"Mjomba, tuna haraka!"

"Najua. Mgonjwa ukimwekea maji ya mshipa, unamwaga yote kwa mara moja?"

"Hapana. Yanakwenda kwa matone."

"Kwa nini?"

"Yatamdhuru."

"Na hili ni hivyo hivyo. Oili ikizidi inatoa povu, na povu halishiki gia. Vakamalua, mwanangu."

Hapo tukamsikia yule mjamzito kutoka nyuma ya pikapu, sauti imejaa uchungu: "Muuguzi, mwambie fundi wako mtoto huyu hajui malua!"

Mimi nilikuwa nalia na nikacheka, vyote pamoja. Kikombe cha kwanza, akapima. Cha pili, akapima. Bwana Filimone alikuwa anahesabu kwa vidole. Cha tatu. Cha nne, Sainimere akasema imefika kati ya mistari miwili.

"Acha hapo. Mwambie Tomasi aweke gia ya mbele, mguu kwenye breki. Usikie kama gari linajishtua kidogo, kama mtu aliyeguswa begani."

"Limejishtua, mjomba!"

"Limeshika. Pandeni kwa gia ya chini, msikanyage sana. Nenda."

Simu ikakatika. Bwana Filimone alikuwa ameshachukua funguo za gari la karakana. Hakuuliza ruhusa ya mtu, alisema tu, "Mzee, dada, ingieni." Tulikutana nao njia panda, pikapu inashuka polepole, taa zimewashwa mchana kweupe, Sainimere amepiga magoti nyuma ameshika mkono wa yule mama. Alinipungia. Tukageuza, tukawafuata nyuma nyuma mpaka hospitali.

Mtoto alizaliwa saa sita na nusu, wa kike, na mama yake mzima. Tomasi akapendekeza aitwe Malua, bibi wa mtoto akamfukuza na mwavuli mpaka kwenye maegesho.

Huko kwenye maegesho ndiko ninakotaka muangalie, maana hapo ndipo nilipomjua Kaka Suruj baada ya miaka ishirini na miwili ya kudhani namjua. Alilala chini kwenye lami yenye maji, akatazama chini ya pikapu muda mrefu. Akatoka na kidole chekundu kwa oili.

"Sampu inavuja kwa nyuma," akasema. "Ukingo wake umepinda, na mimi niliurudisha hivyo hivyo, sikuunyoosha. Imekuwa ikitoa tone moja moja siku tisa. Kosa hili ni langu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Angeweza kusema gari ni bovu, tungeamini. Zilibaki siku kumi na sita astaafu.

Tomasi akakuna kichwa. "Mtani, ningelileta Jumatatu ungeliona. Lakini ulisema malua."

"Nilisema nini?"

"Kwenye simu. Ulisema nilete Jumatatu, kisha kra kra kra, malua. Nikasema basi, mzee ameahirisha."

Kaka Suruj akamtazama. Bwana Filimone akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi ndiye niliyeliandika ubaoni, kila mtu akalizoea." Kisha hao wanaume watatu wakacheka mpaka mlinzi wa hospitali akaja kuuliza kuna nini. Mimi sikucheka. Nilikwenda nikamkumbatia yule mzee na oili zake zote, na gauni langu lina alama mpaka leo.

Jioni ile ile akanyoosha ukingo wa sampu juu ya ubao kwa nyundo ndogo, akafunga gasketi mpya, akatoa ile theluthi ya pili. Jumatatu hii, tarehe ishirini na nne, ndiyo ilikuwa ya tatu. Safari hii aliyelala chini juu ya boksi ni Bwana Filimone mwenyewe, na Kaka Suruj amemshikia tochi, anamwambia nati ipi ifuate ipi, kwa kukatiza pembe kwa pembe, kidogo kidogo. Sumaku ilitoka na ndevu kidogo tu. Injini ikawashwa, gia zikapitishwa, wakapima. Na Kaka Suruj akaja jikoni, akasimama mlangoni, akaomba. Miaka ishirini na miwili, ndiyo mara ya kwanza anaomba kitambaa.

Nilimpa kipya. Tone likatandaa, jekundu, kama ua la haradali lililolowa mvua, hapana, nimekosea, haradali ni ya njano. Kama ua la mgomba-mwitu wa uani kwetu, jekundu kabisa. Karani aliniuliza nifute hapo, nikamwambia aache, nilikuwa na furaha. Hakunirudishia kile kitambaa na mimi sikudai.

Pikapu imepanda Vatudamu Jumatatu hiyo hiyo. Sainimere anasema sasa ukiweka gia halifikiri tena, linakwenda. Si la milele, Kaka Suruj amemwambia wazi, lakini mvua hizi litazimaliza. Mimi nimeanza kulala. Ubaoni lile neno bado lipo. Bwana Filimone hakulifuta, ameongeza tu herufi nne kwa mbele, kwa chaki ya rangi nyingine.

Kwa niaba ya karakana nzima, Kaka Suruj, ahsante. Ahsante kwa magari, na kwa vijana uliowafundisha kuosha kabla ya kufungua. Ahsante kwa kusema "kosa ni langu" kwenye maegesho yale, watu wazima tumejifunza. Mimi peke yangu nina ahsante nyingine, na wewe unaijua, haiandikiki.

Dada Kamla, tunakurudishia mumeo. Ananuka oili, lakini ni yule yule. Usimpe vitambaa vyeupe. Kwenye meza ya zawadi utakuta kifurushi changu, ni vitambaa kumi na viwili, vimepigwa pasi, viwe vyake yeye ili vyako vipone.

Ijumaa Tomasi atashuka na pikapu kukupelekeni nyumbani, baiskeli itakaa nyuma. Najua ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kaka, panda tu, kaa mbele, na usimwambie aendesheje.

Afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiokwisha maswali, ndiyo dua yetu kwako. Na kuanzia Jumamosi, mtu yeyote akikujia getini na gari lake linalokohoa, nawe umekaa kivulini na chai yako, mwangalie, tabasamu, umwambie lile neno dogo walilokusingizia. Miaka thelathini na saba hukuwahi kulitumia, kaka. Sasa ni lako.

Malua.

Unaisi Ravula, jikoni